Linki hii niibonyeze ama niiache? Maswali ambayo watu waniuliza kila siku dukani

Nina kiduka cha simu na sayba upande wa Mwembe Tayari, Mombasa, na siku haipiti mtu hajaja na simu mkononi aniambie "hebu niangalizie, hii linki ni ya kweli ama ni wakora?" Wengine waja kabla hawajabonyeza, na hao nawashukuru sana, wengine waja pesa zishakwenda na hapo huwa sina la kuwaambia ila pole. Ndio nikaketi nikayakusanya maswali yale yale yanayorudi rudi nikayajibu kama ninavyoyajibu pale kaunta. Soma pole pole, na ukiwa na haraka ruka mpaka swali lako.

Kwani nikibonyeza tu, pesa zangu za M-PESA zaenda hapo hapo?

Mara nyingi hapana. Simu ikiwa imepigwa apdeti, kufungua ukurasa peke yake si rahisi kukumaliza. Kinachowamaliza watu ni kile wanachokifanya baada ya ukurasa kufunguka, yaani kuandika PIN, kuandika paswadi ya imeili, kutoa zile namba 6 zinazokuja kwa esemesi, ama kupakua apu isiyojulikana. Lakini nasema mara nyingi, sisemi kila mara, kuna kurasa zinazotafuta tundu kwenye brauza (ile apu ya kufungulia kurasa, kama Chrome) ambayo haijapigwa apdeti miaka, na simu nyingi zinazoletwa hapa ni za hivyo, mtu aogopa apdeti itamla bando. Bora ikule bando.

Basi nitajuaje linki ni ya nani kabla sijaifungua?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote na ukilishika hili mengine yote ni nyongeza, kwa hivyo ntakaa hapa kidogo.

Kwanza usiibonyeze, ishikilie. Weka kidole juu ya linki ukiwache hapo sekunde mbili, kutatokea kisanduku cha kukuuliza kama wataka kukopi. Kopi, halafu ibandike mahali pa kuandika tu, kama ile sehemu ya notsi ya simu ama ujitumie mwenyewe kwa WhatsApp, usiibandike kule juu kwenye brauza ukaipeleka. Sasa uisome yote, manake kwenye ujumbe maneno yanayoonekana yaeza kusema kitu na linki yenyewe yaenda pengine kabisa.

Tuseme imeandikwa hivi:

https://ecitizen.go.ke.huduma-leo.top/lipa/faini

Watu wengi waona ecitizen.go.ke pale mwanzo moyo watulia. Hapo ndipo mtego ulipo. Ruka ile https:// ya mwanzo, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, ule mstari ulolala /, halafu kutoka hapo rudi nyuma kwenda kushoto. Utakutana na top, halafu nukta, halafu huduma-leo. Huyo ndiye mwenye nyumba: huduma-leo.top, na jina hilo ndilo laitwa domeni. Yale yote yaliyo kushoto kwake, ecitizen na go na ke, ni maneno amejiwekea tu mwenye domeni, na aeza kuweka lolote alitakalo, hata jina lako.

Ni kama majina yetu sisi. Mtu aeza kuitwa Ali ama Said ama Omar, kujua ni wa nani waangalia jina la mwisho, la ukoo. Linki nayo ukoo wake uko mwisho, kabla tu ya ule mkwaju.

Ikiishia na com ama top ama xyz, hesabu vipande viwili kutoka kulia. Ikiishia na co.ke ama go.ke ama ac.ke hesabu vitatu. Kwa hivyo itax.kra.go.ke ni ya kra.go.ke, sawa kabisa. Lakini kra-go-ke.com si ya KRA, mamlaka ya ushuru, vile vistari si nukta, na kistari ni herufi kama herufi nyingine, mtu yeyote aeza kusajili.

Kuna na mchezo wa alama ya @. Ukiona https://ecitizen.go.ke@huduma-leo.top jua brauza yachukulia kila kilicho kabla ya @ kama jina la mtumiaji tu, safari yenyewe yaenda huduma-leo.top. Na kuna herufi za kufanana, r na n zikikaa pamoja zaonekana m, l ndogo yafanana na I kubwa, sifuri na O. Wengine hata watumia herufi za Kirusi zinazofanana na zetu, mwaka wa 2017 kuna mtafiti alionyesha ukurasa wake ukisoma apple.com kwenye brauza na herufi za neno apple zote zilikuwa za Kisirili, yaani za jamii ya Kirusi. Ukikopi linki ukakuta domeni imeanza na xn-- basi ina herufi za kigeni ndani, achana nayo.

Lakini imeandikwa https na kufuli liko, si ndio salama hiyo?

La. Kufuli lasema tu kwamba mazungumzo yako na hiyo saiti hayasikizwi na mtu wa katikati. Halisemi unazungumza na nani. Waeza kuzungumza kwa siri kabisa na mwizi. Cheti cha kuweka hiyo https sasa ni bure, Let's Encrypt wanavitoa tangu 2015, na mkora anachukua chake kwa dakika chache. Google wenyewe mwaka wa 2023 waliitoa ile picha ya kufuli kwenye Chrome wakaweka alama nyingine, kwa sababu watu walikuwa wakilielewa vibaya.

Kwenye WhatsApp imekuja na picha na nembo ya kampuni, nayo yaeza kuwa feki?

Ndio, kwa urahisi. Ile picha na kichwa cha habari vyachukuliwa kutoka kwenye ukurasa wenyewe, na mwenye ukurasa ndiye anayeamua viwe vipi. Nembo ni picha tu, yeyote aeza kuishusha kwa intaneti.

Kuna hizi linki za bando la bure, zawadi za Ramadhani, vyakula vya futari, zote ni uongo?

Zile zinazokuambia utume kwa watu 10 ama magrupu 5 ndio upate, mimi sijaona hata moja ya kweli.

Ntakupa kisa cha mamangu mdogo, anauza viazi karai na bajia Majengo, mtu mwerevu na hesabu zake haziendi kombo. Alitumiwa linki kwenye grupu la chama, na aliyeituma ni mwanachama mwenzake waliyezoeana miaka. Vocha ya unga na mafuta na sukari ya mwezi mtukufu. Akafungua, kuna maswali matatu rahisi, una umri gani, unaishi kaunti gani, familia yenu wangapi. Halafu visanduku vya kuchagua, cha kwanza akakosa, cha pili hongera. Halafu fowadi kwa grupu 5, na kuna mstari wa kijani unajaa kila ukifowadi. Ule mstari haujui lolote, mimi nilijaribu baadaye, nikawa nabonyeza narudi bila kumtumia mtu na bado ukajaa. Kazi yake ni wewe uwabebee linki kwa watu wanaokuamini.

Mwisho ikamwambia aandike namba ya simu, alipe shilingi 180 za usafirishaji. Akaandika. Pale pale simu ikaleta ile M-PESA ya kweli inayojitokeza kwenye skrini kuuliza PIN, na hapa ndipo wengi waangukapo kwa sababu ile ni M-PESA kweli, si picha. Lakini ilikuwa imeandikwa shilingi 1,800, sio 180, na jina la mpokeaji lilikuwa la duka ambalo halijulikani. Yeye anaona karai lachemka, wateja wamesimama, magharibi inakaribia, akabonyeza. Elfu na mia nane ni viazi vya siku mbili.

Kwa hivyo ile skrini ikikujia, soma vitu viwili kabla ya PIN: jina na pesa. Kila mara, hata ukiwa unalipa matatu. Na kama hukuianzisha wewe, bonyeza kufuta.

Linki fupi kama bit.ly je? Haionyeshi chochote.

Ndio ubaya wake, inaficha mwenye nyumba. Ya bit.ly waeza kuongeza alama ya kujumlisha + mwishoni mwa linki ukaifungua hivyo, itakuonyesha inakoenda bila kukupeleka. Nyingine zibandike kwenye saiti za kukagua nilizozitaja hapo chini. Na ujue linki fupi si lazima iwe mbaya, maduka mengi ya kweli yazitumia, ila kampuni inayokuomba pesa ama paswadi haina haja ya kujificha jina.

Hizo saiti za kukagua ni zipi na nizitumie vipi?

Mimi natumia tatu.

VirusTotal, iko virustotal.com, ilianza 2004 Uhispania na Google wakainunua 2012. Wafungua pale pa URL, yaani anwani ya linki, wabandika linki, inaulizia kwa makampuni ya usalama zaidi ya 70 kwa mpigo. Ukiona hata mawili matatu yamesema ni mbaya, iache. Hapo wapo wanaokosea mara moja moja, ndio nasema mawili matatu.

Ya pili ni ya Google, ile Safe Browsing, iko ndani ya transparencyreport.google.com. Hii hata bila kuiendea Chrome yaitumia kukuletea ule ukurasa mwekundu wa onyo. Ukiona wekundu ule rudi nyuma, usitafute njia ya kuupita, na wako wanaonijia kuniuliza "niupite vipi" kwa sababu wanataka ile filamu.

Ya tatu ni urlscan.io, hiyo ndiyo naipenda mimi, yafungua ukurasa huko kwenye seva yao, yaani kompyuta yao, halafu yakuletea picha, wewe unaona kilichomo bila simu yako kugusa. Na yakwambia linki imekurusha kwenda domeni gani nyingine.

Sasa mambo mawili hapa. Moja, majibu yakiwa masafi, sifuri kwa tisini, haimaanishi linki ni safi, yaeza kuwa imefunguliwa leo asubuhi na hakuna aliyeiripoti bado. Wakora wafungua domeni mpya, wawatapeli watu siku mbili tatu, waitupa. Ndio maana mimi huangalia na tarehe ya kusajiliwa, kwenye lookup.icann.org kwa zile za com na kadhalika. "Benki" ya miaka mingi ambayo domeni yake ina siku 9, hapo huhitaji kuambiwa zaidi.

Pili, usibandike huko linki ya siri yako. Ile ya kubadilisha paswadi, ya faili zako za Google Drive, ya tiketi yenye jina lako. Unachobandika kwenye hizi saiti watu wengine waeza kukiona. Hili wengi hawalijui na hata vijana wa IT waliosoma nimewaona wakilifanya.

Ikiishia .go.ke basi naeza kuamini?

Kwa kiasi kikubwa ndio, go.ke inapewa ofisi za serikali peke yake, KeNIC ndio wasimamizi wa domeni za .ke. Lakini co.ke inasajiliwa na yeyote, kwa hivyo co.ke peke yake si cheti.

Na sio kila kitu cha umma kiko go.ke. Chukua tiketi za SGR, ile treni ya Mombasa na Nairobi, watu wetu wanaokwenda Nairobi sikukuu wanaliwa sana hapa. Saiti yenyewe ni metickets.krc.co.ke, ama wapiga *639#, basi. Hakuna mtu wa Facebook mwenye "linki ya ofa". Behewa la kawaida Mombasa mpaka Nairobi ni shilingi 1,500 tangu nauli zilipopanda Januari 2024, sasa mtu akikuuzia kwa mia sita wiki ya Idi na treni imejaa, jiulize anaitoa wapi. Utafika kituo cha Miritini na mabegi na watoto na karatasi isiyosoma.

Ushauri wangu ni huu, anwani unazozitumia sana, eCitizen ya huduma za serikali ni ecitizen.go.ke, iTax ya ushuru ni itax.kra.go.ke, ziandike mwenyewe kwa mkono mara moja halafu uziweke alama kwenye brauza. Baada ya hapo ukitumiwa ujumbe wowote wa "akaunti yako ina shida" usiiguse linki yao, ingia kupitia alama yako. Kama shida ni ya kweli utaikuta huko ndani. Njia hii inashinda ukaguzi wote nilioueleza juu, na ni bure.

Na tahadhari, hata ukitafuta Google yale matokeo ya juu kabisa yaliyoandikwa kuwa ni tangazo, mtu kayalipia, na wakora nao hulipia.

Imetumwa na ndugu yangu mwenyewe, bado nikague?

Kagua zaidi. Ndugu yako kaipata kwa mwengine, ama WhatsApp yake imeshikwa na si yeye anayeandika. Mpigie simu, usimuulize kwa ujumbe, manake ukiuliza kwa ujumbe atakayejibu ni yule yule aliyeishika. Muulize tu "wewe ndio umenitumia hii?" Na mtu yeyote, hata mamako mzazi, akikuomba zile namba 6 zilizoingia kwenye simu yako "zimekuja kwako kwa makosa," usitoe.

Esemesi imeingia kwa jina la benki yangu, chini ya zile meseji zao za zamani. Hiyo si yao?

Si lazima. Jina la mtumaji wa esemesi laeza kughushiwa, na simu yako ikiona jina ni lile lile yaiweka kwenye mazungumzo yale yale. Kadi yako ya ATM ina namba ya benki nyuma, piga hiyo. Vivyo hivyo kwa simu za kupigiwa, Safaricom wameshasema mara nyingi kwamba wao wakikupigia ni kwa 0722 000 000 peke yake.

QR za kubandikwa ukutani ama mezani?

QR ni linki iliyochorwa, basi. Simu yako ikiisoma itaonyesha anwani kabla ya kufungua, isome kama nilivyoeleza. Na paguse pale ilipobandikwa kwa kidole, kama ni stika juu ya stika nyingine muulize mwenye mkahawa.

Linki yataka nipakue faili la APK, ati ni apu ya mkopo.

Usipakue. APK ni apu ya Android inayoingia bila kupitia Play Store, na ikishaingia ikakuomba ruhusa ya kusoma esemesi na ile ruhusa ya ufikivu waliyowekewa watu wenye ulemavu, ukikubali imepata macho na mikono, yaeza kusoma namba zako za benki na kubonyeza badala yako. Mkopo wa Hustler Fund, ule wa serikali, ambao watu hutumiwa linki zake kila wiki, wapatikana kwa *254#.

Kazi za bandarini na za Ghuba, mbona linki zake nyingi hivi?

Kwa sababu vijana hawana kazi na wakora walijua. Ntasema wazi, hili laniuma kuliko yote, manake anayeliwa hapa ni yule asiye na kitu. Nimeona fomu ya "kazi ya bandari" iliyoulizia kitambulisho mbele na nyuma, picha ya uso, na shilingi 500 za usajili. Zile 500 ni kidogo, kitambulisho na uso ndivyo vyenye thamani, vyaeza kutumika kukuchukulia mikopo. Kazi za KPA, mamlaka ya bandari, zatangazwa kwenye kpa.co.ke, ukiona kwingine nenda huko uikute. Na za Saudia, Qatar, Dubai, ajenti lazima awe amesajiliwa na NEA, mamlaka ya taifa ya ajira, muulize jina lake kamili ukalithibitishe kwao kabla hujamtumia pasipoti.

Nishabonyeza na nishaandika vitu. Nifanye nini?

Kwanza vuta pumzi, usione haya, haya ndizo zinazochelewesha watu.

Kama ulilipa kwa M-PESA, piga 100 hapo hapo na ile meseji ya muamala ifowadi kwenda 456 kuomba irudishwe. Dakika zina maana, pesa zikishatolewa upande wa pili kurudi ni vigumu. Kama ulitoa PIN ibadilishe sasa hivi, kama ni ya benki piga benki wafunge.

Kama ni paswadi, tumia simu ama kompyuta nyingine kuibadilisha, uanze na ya imeili kwa sababu imeili ndiyo mlango wa akaunti zote. Kama ni WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, vifaa vilivyounganishwa, kila usichokijua kitoe, halafu uwashe ile hatua ya pili ya uthibitisho.

Kama ulipakua apu, zima data na Wi-Fi kwanza. Piga benki ukitumia simu nyingine. Itoe apu, na ikikataa kutoka, ndio uniletee ama umpelekee fundi unayemwamini tuirudishe simu kama ilivyotoka dukani. Picha utazipoteza kama hukuzihifadhi kwengine, nakwambia mapema.

Nimtumie nani hizi linki ili wengine wasiliwe?

Esemesi za utapeli zifowadi kwenda 333 kama uko Safaricom, ni bure. Ukurasa wenyewe waeza kuuripoti kwa Google Safe Browsing, ukikubaliwa ule wekundu utawatokea na wengine. Kama umepoteza pesa, nenda kituo cha polisi upate namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio, kisha kuna laini ya bure ya DCI, wapelelezi wa polisi, 0800 722 203. Utapeli huu ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, usikubali kuambiwa "ulijitakia".

Na usifute kitu kabla ya kuripoti. Piga skrini shoti ya ujumbe, namba iliyoutuma, linki nzima mpaka mwisho, na meseji ya M-PESA. Mamangu mdogo alifuta yote usiku ule ule kwa hasira, asubuhi tulipokwenda kituoni tulikuwa na mdomo tu.